Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Ardhi Yetu: Mkaa Usiopimwa Usitiwe Mashambani

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya mazingira, kilimo na viwango vya bidhaa katika Serikali ya Kenya, na kwa Waheshimiwa Magavana wa kaunti za Pwani pamoja na mawaziri wao wa kilimo.

Waheshimiwa,

Naomba ruhusa niwaelekee hadharani, mbele ya wakulima wenzangu wa Kwale na Kilifi na wa kila mahali ambako gunia la mkaa uliosagwa limekwisha kufika au li njiani kufika, kwa sababu waletaji wake tulipowauliza umechomwa kutokana na nini, wapi, na umepimwa na nani, jibu tulilopewa ni kwamba tusiwe na wasiwasi, maana ni kitu cha asili. Jibu hilo halitoshi. Risasi ni ya asili, aseniki ni ya asili, na lami ishikayo kwenye dari za majiko yetu nayo imetokana na kuni zilizoota wenyewe porini. Wala hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho mzazi mwenye akili angekichanganya na chakula cha wanawe kwa hoja ya asili yake.

Nasema juu ya bayocha, yaani mkaa unaopatikana kwa kuchoma mabaki ya mimea, kama vile magunzi ya mahindi, vifuu vya nazi, pumba za mpunga na matawi ya miti, ndani ya tanuri lisiloingiza hewa ya kutosha, aghalabu katika joto la nyuzi 350 hadi 700 za Selsiasi, kisha ukasagwa na kuchanganywa na udongo wa shamba. Mabaki hayo yangeachwa yaoze, kaboni iliyomo ingerudi angani katika miaka michache. Yakigeuzwa mkaa, sehemu kubwa ya kaboni hiyo hukaa udongoni kwa mamia ya miaka. Kwa ajili ya ukaazi huo, kampuni za nchi za mbali hununua hati za kaboni, na kwa fedha za hati hizo mkaa huletwa kwetu kwa bei ndogo au bila ya bei.

Nisieleweke kuwa adui wa mkaa huu. Najua, na ni haki kulisema wazi, kwamba katika nchi yetu wenyewe majaribio yaliyoendeshwa kwa muda wa miaka 10 hivi katika mashamba ya mahindi na soya, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2019, yalionyesha mavuno yaliyozidi kwa zaidi ya tani moja ya mahindi kwa hekta kila msimu, na faida hiyo haikufifia upesi kama ifanyavyo faida ya mbolea ya dukani. Najua pia kwamba mwaka 2017 wataalamu waliokusanya majaribio ya pande nyingi za dunia walikuta kwamba katika nchi za joto bayocha iliongeza mavuno kwa wastani wa asilimia 25, ilhali katika nchi za baridi haikuongeza kitu. Nazo habari za udongo mweusi wa Amazon, uliorutubishwa kwa mkaa na wenyeji wa kale kabla hajafika Mreno, ni za kweli. Ila wanaotusimulia habari hizo husahau kuongeza kwamba udongo ule ulijengwa pole pole, karne baada ya karne, kwa mkaa wa majiko ya watu uliochanganyika na mifupa, samadi na masazo ya vyakula, na haukumwagwa kwa malori katika msimu mmoja. Kwa hiyo ninaloliomba halizuii kheri hiyo isitufikie. Naomba itufikie ikiwa imepimwa, na hoja zangu ni hizi zifuatazo.

1. Hoja ya kwanza, ambayo ndiyo nguzo ya zilizosalia, ni kwamba kitendo hiki hakitenduliwi. Samadi mbovu huoza ikaisha. Mbolea ya dukani iliyozidi kiasi huchukuliwa na masika machache. Hata dawa nyingi za wadudu, pamoja na ubaya wake, huvunjika kadiri ya muda. Mkaa huu umeuzwa kwa wanunuzi wa kaboni kwa sifa moja kubwa, nayo ni kwamba hautavunjika, na chembe zake zikisha kuchanganyika na udongo kwa jembe au kwa plau hakuna chekeche duniani litakalozitoa. Basi chochote kilichoshikamana nazo, kiwe cha kheri au cha shari, huingia pamoja nazo katika ukaazi huo, kikamkuta mjukuu wa mjukuu wangu akilima pale pale bila ya kujua kilitiwa lini na kwa idhini ya nani. Udongo si kanzu, kwamba ukichafuka utafuliwa jioni uvaliwe asubuhi. Kitu kisichoweza kurudishwa hupimwa kabla hakijatoka mkononi, na yule anayelipwa kwa sababu ya kudumu kwake ndiye apasaye kulipia kipimo cha usalama wake.

2. Hoja ya pili ni juu ya kinachoingia tanurini, na hapa naomba mnivumilie nirefushe maneno, kwa kuwa ndipo penye hatari iliyo kubwa na ndipo penye ulegevu ulio mwingi. Moto huteketeza mbao lakini hauangamizi metali. Ikiwa kilo tatu au nne za mabaki makavu hutoa kilo moja ya mkaa, basi risasi, shaba au kromiamu iliyokuwa imetawanyika katika kilo zile nne, isipokuwa ile kidogo inayopaa na moshi na kuwaangukia walio karibu, hubaki imekusanyika katika kilo moja, na mkaa ukawa mchafu kuliko kile kilichochomwa. Magunzi ya mahindi yaliyotoka shambani kwangu hayanitishi. Linalonitisha ni kwamba mabaki safi ya mazao hayatoshi kwa tanuri kubwa lililojengwa kwa hesabu ya hati za kaboni, na yakipungua, mwenye tanuri atatafuta kingine.

Nacho kingine hicho kipo tele. Ziko nguzo za umeme na za ua zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, zile zenye rangi ya kijani, ambazo dawa yake imetengenezwa kwa kromiamu, shaba na aseniki, nazo Wamarekani waliacha kuzitumia katika majengo mapya ya makazi tangu mwisho wa mwaka 2003. Ziko mbao za vyombo vya baharini zilizopakwa rangi ya kuzuia viumbe kushikamana, ambayo aghalabu ina shaba. Ziko taka za mji, ambamo majani na maganda huchanganyika na nyaya, betri na vipande vya mabomba ya plastiki yenye klorini, ambayo yakichomwa huweza kuzaa dioksini. Liko gugu maji la Ziwa Victoria, ambalo watu wema hulitaja kuwa malighafi isiyokwisha, bila ya kukumbuka kwamba mmea huo una tabia ya kufyonza metali nzito kutoka katika maji machafu ya miji iliyo kandokando ya ziwa. Na kwetu Pwani yako maganda ya korosho, ambayo kila aliyewahi kuyabangua kwa mkono anajua jinsi mafuta yake yanavyobabua ngozi na moshi wake unavyowasha macho. Sisemi kwamba vyote hivi haviwezi kuchomwa kwa usalama na mjuzi mwenye tanuri zuri na maabara. Nasema kwamba vikisha kuwa unga mweusi ndani ya gunia, jicho la mkulima halina hila ya kuvipambanua. Fauka ya hayo iko mikoko. Watu wa Gazi wameilinda na kuipanda tena kwa jasho lao, wakaanzisha mwaka 2013 mradi wa kaboni wa Mikoko Pamoja uliosifiwa ulimwenguni, na ingekuwa aibu isiyosemeka ikiwa soko jingine la kaboni lingempa mtu sababu ya kushika shoka na kuingia mikokoni usiku.

Waheshimiwa, hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa udongo uliopimwa baada ya watu kudhurika. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, sumu ya risasi kutoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri iliingia katika udongo, katika nyumba na katika damu za watoto, na wakazi wakadai haki miaka mingi, mbele yao akiwa Bi Phyllis Omido, kabla Mahakama ya Mazingira na Ardhi haijawahukumia mwaka 2020 fidia ya shilingi bilioni 1.3, ambayo baadaye ilibatilishwa, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Fedha hizo, hata zikilipwa zote, haziitoi risasi katika mifupa ya mtoto. Kiwanda kile na mkaa huu si jambo moja, wala sidai kuwa madhara yake yanalingana. Linalofanana ni mpango wa mambo, yaani kutangulizwa kwa kazi na kucheleweshwa kwa kipimo.

3. Hoja ya tatu ni juu ya moshi. Mimea inapochomwa pasipo hewa ya kutosha huzaa lami, na ndani ya lami hiyo kuna michanganyiko ambayo wataalamu huiita hidrokaboni zenye pete nyingi, mmojawapo ukiwa benzopirini, ambao Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeuorodhesha miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu kwa yakini. Tanuri lililojengwa vizuri huutoa moshi huo na kuuteketeza kando, mkaa ukabaki safi. Tanuri baya, au tanuri zuri lililotiwa makumbi mabichi kwa haraka ya kazi, huuacha moshi upoe juu ya mkaa wenyewe na lami ikaganda humo. Mwaka 2012 zilichapishwa habari za uchunguzi wa aina zaidi ya 50 za bayocha, na aghalabu ya zile zilizochomwa pole pole zilikutwa na michanganyiko hiyo kwa kiasi kidogo, isiyozidi miligramu 4 kwa kilo, lakini ikawamo moja, iliyotoka katika mtambo wa kuzalishia gesi, iliyofika miligramu 45. Wenye kuutetea mkaa huu husoma habari hizo wakaona kwamba nyingi ni salama, nami nakubaliana nao. Ila mimi huziona pia tofauti zilizopo kati ya gunia na gunia, na sijui kwa rangi wala kwa harufu nimeletewa lipi. Wenzetu wa Ulaya, ambao ardhi yao haipati hata faida ya mavuno tunayoahidiwa sisi, wana cheti cha bayocha tangu mwaka 2012, chenye mpaka wa miligramu 6 kwa kilo kwa mashamba ya kawaida na 4 kwa kilimo hai. Ikiwa kampuni inayouza hati zake huko inajua kutii mpaka huo ugenini, hakuna udhuru wa kuusahau ikifika kwetu Kinango.

4. Ya nne ni kwamba udongo wa Pwani si mmoja. Huko juu Shimba Hills ardhi imetokana na mawe ya mchanga, nayo imeelekea kwenye uchachu. Huku chini, kuanzia Diani hata Msambweni, shamba hukaa juu ya matumbawe, na udongo wake tayari una chokaa. Mkaa mwingi wa namna hii ni wa magadi, ukipimwa hupata namba nane, tisa, hata kumi katika kipimo cha uchachu ambacho saba ndiyo katikati yake. Na ndiyo maana huponya udongo mchachu wa Kakamega na Trans Nzoia. Ukimwagwa juu ya matumbawe huzidisha pale palipokwisha kuzidi, ukaufungia mmea chuma, zinki na fosforasi, majani yakageuka manjano, na mkulima akaambiwa amekosa kunyeshea. Kadhalika mkaa mpya uliotiwa mkavu, bila ya kulazwa kwanza katika samadi au mboji, huweza kushika naitrojeni ukamnyima mhindi katika msimu wa kwanza, na hufyonza dawa ya magugu, mkulima akaiona haifanyi kazi akaongeza kipimo. Mambo haya yote yanajulikana na yanaepukika kwa kupima udongo, lakini hatujaona mpimaji aliyetangulia mbele ya lori.

5. Ya tano ni vumbi, nayo nitaipita upesi kwa kuwa dawa yake ni nyepesi. Mkaa uliosagwa ukimwagwa mkavu siku ya kaskazi humwingia mtu kifuani, na ule wa pumba za mpunga, ambazo zina silika nyingi, huweza kuwa na fuwele za silika tanuri likipita joto lake, na fuwele hizo huharibu mapafu pasipo tiba. Ulowanishwe kabla haujafunguliwa, na wanaoumwaga, ambao kwetu wengi ni wanawake na vijana wa kibarua, wapewe barakoa. Ulowanishaji huo una faida ya pili: wachunguzi waliochapisha kazi yao mwaka 2011 walikuta kwamba nyungunyungu hukimbia udongo uliotiwa mkaa mkavu kwa sababu huwakausha, na ukitiwa maji kwanza hawakimbii.

6. Ya sita ni ya sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na katika kifungu cha 46 inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata bidhaa ya ubora unaofaa na habari za kumwezesha kuitumia kwa faida. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 imeiweka hadhari kuwa kanuni, yaani penye tishio la madhara makubwa upungufu wa yakini ya kitaalamu usiwe udhuru wa kukaa kitako. Na sheria ya tabianchi, iliporekebishwa mwaka 2023, ilieleza hata namna ya kugawa mapato, kwamba katika miradi ya kaboni ihusuyo ardhi jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka baada ya gharama za biashara. Nawashukuru walioitunga. Lakini mapato yamegawiwa, na hatari imeachwa yote juu ya mwenye shamba: hati ya kaboni ikisha kuuzwa, mnunuzi ameridhika, mwenye mradi amelipwa, na mkaa ukionekana baadaye kuwa mchafu, aliyebaki nao ni mkulima, ambaye mahindi yake yatakataliwa sokoni na ardhi yake itashuka thamani. Nasi raia tuna sababu ya kuogopa, kwani mwaka 2024 taifa zima lilishuhudia mifuko iliyoandikwa mbolea, yenye chapa na yenye ruzuku, ikakutwa ndani yake si mbolea ya kiwango, na waliokwisha kupanda nayo hawakuwa na njia ya kuurudisha msimu.

Kwa hayo yote, Waheshimiwa, naomba kwa niaba yangu na ya wenzangu walionituma:

Kwamba pasiwe na gunia la bayocha litakalotiwa shambani, liwe la kuuzwa au la bure, pasipo cheti cha fungu lake, kilichoandikwa kwa Kiswahili, kitajacho kilichochomwa na kilikotoka, joto la tanuri, kiwango cha magadi, na matokeo ya kupimwa risasi, kadmiamu, aseniki, kromiamu, shaba na zile hidrokaboni za moshi.

Kwamba itangazwe orodha ya vitu vilivyoharamishwa kuingia tanurini kwa ajili ya shamba, na mbele yake ziwekwe mbao zilizotiwa dawa au rangi, taka za mji zisizochambuliwa, plastiki ya kila namna, na mikoko.

Kwamba gharama ya vipimo ilipwe na mwenye mradi kutokana na fedha za kaboni, kabla ya mgao wowote, na maabara ipimayo isiwe yake wala ya jamaa zake; na kwamba serikali za kaunti za Pwani zishirikiane kuweka maabara moja huku huku, ili sampuli ya Lunga Lunga isisafirishwe hata Nairobi na jibu lake likarudi mavuno yamekwisha.

Kwamba udongo wa kila shamba upimwe uchachu wake kwanza, na afisa wa ugani aandike kiasi cha mkaa kinachofaa au aandike kwamba mkaa haufai kabisa. Na kila kijiji kianze kwa vipande vidogo kwa misimu miwili kabla ya kutia shamba zima. Pamoja na vipimo vya maabara, wakulima wafundishwe jaribio la kuotesha mbegu za mchicha na kunde katika udongo wenye mkaa na usio na mkaa, ambalo halina gharama na lingetupa macho yetu wenyewe.

Kwamba daftari la mashamba yaliyotiwa mkaa liwekwe wazi katika ofisi za kaunti. Wenye miradi hawawezi kusema kazi hiyo ni nzito, kwa sababu ili wauze hati zao hudaiwa ushahidi kwamba mkaa umetiwa udongoni. Ushahidi wanaompelekea mnunuzi wa ng'ambo waulete nakala yake kwa jirani wa shamba.

Na kwamba kila mwenye mradi aweke dhamana ya fedha benki, ikae miaka mingi baada ya mkaa kutiwa, ya kulipia uharibifu ukidhihirika, bila ya kumlazimu mkulima kuzunguka mahakamani kama walivyozunguka watu wa Owino Uhuru.

Naomba majibu yenu yatolewe kabla ya masika yajayo, kwa kuwa ndipo magunia yanapofunguliwa, na yasomwe katika mabaraza ya machifu mbele ya wakulima wenyewe. Wenzangu wa Shimba Hills na wa Msambweni wamekubali kutoa vipande vya mashamba yao, huku vya udongo mchachu na huku vya matumbawe, kwa ajili ya majaribio yatakayosimamiwa na wataalamu wenu, pasipo kudai malipo. Tunachotaka ni kupewa nakala ya matokeo, yawe mazuri au mabaya. Magunia tuliyokwisha kuletewa tumeyaweka ghalani hayajafunguliwa, na tuko tayari kumpa sampuli mpimaji yeyote mtakayemleta.

Wenu kwa taadhima,

Mkulima wa minazi na mahindi,
Kaunti ya Kwale.